Salvina Asikiliza Moyo Wake

Ng'ombe wa jirani ndio waliomwamsha Salvina kila siku. Walipoanza kulia zizini wakitaka kwenda malishoni, naye aliweka blanketi kando, akafagia uwanja, akachochea moto na kubandika birika la chai. Chai ikichemka alimimina vikombe viwili, kimoja chake na kimoja cha baba. Mara nyingi kile cha baba kilipoa bila kuguswa, kwa kuwa baba alikuwa ameshaondoka alfajiri. Salvina alilijua hilo tangu alipoamka, lakini hakuweza kuzoea kumimina kikombe kimoja.

Baba yake, Bwana Telesphori, alikuwa karani wa mizani. Msimu wa kununua pamba ulipofika, alizunguka na lori kutoka ghala moja hadi jingine katika vijiji vya Kishapu, akipima mizigo ya wakulima. Alirudi mwanawe akiwa usingizini, na siku nyingine alilala hukohuko. Alikuwa mtu mwema. Kila alipoondoka alihakikisha debe la unga limejaa, samli ipo, karanga zipo, na maziwa yameagizwa kwa jirani.

"Kula ushibe, mwanangu," ndilo lilikuwa neno lake la kuagia.

Walikuwa wamehamia hapo mwanzoni mwa mwaka huo wa sabini na tatu wakitokea Ushirombo. Kule Salvina aliwaacha binamu zake, kwaya ya watoto kanisani, na Bibi Epifania, mama mzaa mama, mwanamke mnene mwenye kicheko kilichosikika hadi barabarani. Kule walizungumza Kisumbwa. Huku Kishapu watoto walizungumza Kisukuma, na Kiswahili chao kiliishia darasani, mwalimu alipotoka. Salvina alisimama pembeni mwa uwanja akiangalia midomo yao, akicheka wanapocheka wote, ingawa hakujua wanacheka nini.

Mwanzoni mama alikuwapo, na jioni zilikuwa na mtu wa kuongea naye. Kisha habari ikaja kwamba bibi anaumwa. Mama akafunga mzigo wake akarudi Ushirombo kumwuguza. "Nitakaa kidogo tu," alisema. Mvua zikaisha, mashamba yakawa meupe kwa pamba, upepo wa kiangazi ukaanza kuvumisha vumbi, na mama hajarudi.

Hapo ndipo Salvina alipoanza kula bila kuwa na njaa. Nyumba ikiwa kimya mno, alikaanga karanga. Akimaliza karanga, alisonga ugali mdogo akaulia samli na maziwa. Kutafuna kulikuwa na sauti, na sauti yoyote ilikuwa afadhali kuliko ule ukimya. Tangu zamani alikuwa mtoto mwenye mwili mkubwa, lakini sasa sare ya shule ilimbana kwapani na vifungo vya mgongoni vikakataa kufungika.

Shuleni siku ilianza kwa mchakamchaka. Wanafunzi walikimbia kwa mistari kuzunguka shule na kupita njia ya lambo la kunyweshea ng'ombe, wakiimba na kupiga vigelegele. Salvina alianza katikati ya mstari, akasogea nyuma kidogo kidogo, mwisho akabaki peke yake katika vumbi la wenzake. Pumzi zilimpaa, na moyo ukamgonga mpaka masikioni.

Asubuhi moja, mvulana mmoja mwenye maneno mengi aliyeitwa Kalisti aligeuka akapaza sauti, "Lori limeondoka, robota limebaki!"

Mstari mzima uliangua kicheko. Kila mtoto wa Kishapu alilijua robota, ule mzigo mkubwa wa pamba iliyoshindiliwa na kufungwa kwa vyuma, usioweza kubebwa na mtu mmoja. Hata Mbuke, binti wa jirani, ambaye zizi la kwao lilipakana na ua wa akina Salvina, aliinamisha uso kuficha kicheko chake. Tangu siku hiyo, jina la Salvina lilisikika kwa mwalimu tu. Kwa wengine alikuwa Robota.

Hakumwambia baba. Angemwambia saa ngapi?

Jumapili moja, baba akiwa nyumbani, alipita mgeni kutoka Ushirombo, katekista mmoja aliyekuwa safarini kwenda Shinyanga mjini. Salvina aliwaandalia chai, akaenda kuosha vyombo nyuma ya nyumba. Dirisha lilikuwa wazi.

"Mama mkwe wako hali yake si nzuri," alisikia mgeni akisema. "Miguu imevimba. Hawezi kulala chali, anakosa pumzi. Daktari anasema moyo umelemewa na mwili."

"Moyo umelemewa na mwili," baba alirudia polepole.

Salvina alibaki ameshika sufuria. Tangu utoto wake, kila aliyeingia nyumbani kwao Ushirombo alimshika mashavu na kusema, "Huyu ni bibi yake mtupu!" Zamani maneno hayo yalimpendeza. Sasa alitazama miguu yake iliyolowa maji ya vyombo, akabonyeza kifundo kwa kidole aone kama kinabonyea. Alikumbuka jinsi moyo unavyomgonga kwenye mchakamchaka. Basi na wake umelemewa, aliwaza. Mama alikuwa ameondoka kwa sababu ya moyo mmoja. Ukiongezeka wa pili, nani angebaki wa kuwauguza wote wawili?

Kesho yake alisonga ugali kama kawaida, akaupakua katika sahani, akaubeba hadi uani na kuurusha upande wa pili wa boma la miiba. Mbwa wa akina Mbuke alikuja mbio, akaula wote, akabaki anatazama juu akingoja mwingine. Maziwa nayo Salvina aliyamwaga hapohapo.

"Umekula?" baba aliuliza alipopata nafasi ya kumwona.

"Nimekula, baba. Nimeshiba."

Uongo wa kwanza aliusema akitazama chini. Wa pili ulitoka wenyewe.

Njaa ilimwuma mwanzoni, kisha ikawa kama imemsahau. Ikaja baridi ya vidole, hata jua likiwa kali. Akisimama ghafla, ukuta ulizunguka. Darasani herufi za ubaoni ziliogelea, na Mwalimu Apolinari alipomwuliza, "Salvina, unaumwa?" alijibu, "Hapana, mwalimu," kwa sauti aliyoisikia mwenyewe kama inatoka chumba cha pili. Hakuna aliyeona kitu. Mwili wake ulikuwa bado mkubwa, na watu huamini kwamba mtu mkubwa hawezi kuwa na njaa.

Ikafika zamu ya darasa lao kuchuma pamba katika shamba la shule. Jua lilikuwa kichwani. Kila mtoto alishika mstari wake na mfuko wa kutilia pamba, na Mbuke akawa katika mstari wa jirani. Salvina alinyoosha mkono kuchuma tumba lililopasuka vizuri, akaliona limekuwa mawili, kisha weupe wa pamba ukaenea kila mahali ukamfunika macho.

Mbuke alisikia kishindo. Aliruka mistari ya pamba akamkuta Salvina amelala kifudifudi, midomo imekauka. "Mwalimu! Mwalimu, njoo! Salvina ameanguka!"

Ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu mwanafunzi kumwita kwa jina lake, naye hakuwapo kulisikia.

Mwalimu Apolinari alimgeuza, akamlegeza sare shingoni, akaagiza mfuko wa pamba uwekwe chini ya miguu yake ili miguu iwe juu kuliko kichwa. Baada ya muda Salvina alifumbua macho. Walimpakia kwenye baiskeli ya mwalimu, mwalimu akisukuma na Mbuke akimshikilia kiunoni asidondoke, mpaka zahanati.

Nesi Melania alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye mikono ya haraka na macho yasiyo na haraka. Alimlaza kitandani, akampima mapigo ya mkono, akampa maji ya sukari anywe kwa kijiko. Mwalimu alikwenda kutafuta njia ya kumpelekea baba habari ghalani. Mbuke akabaki amesimama mlangoni, akikwaruza sakafu kwa kidole cha mguu.

"Leo umekula nini, binti?" Nesi Melania aliuliza.

"Ugali na maziwa, mama."

"Na jana?"

"Ugali na maziwa."

Mbuke aliinua uso, akauinamisha, akauinua tena. "Mama nesi," alisema, "aliyekula ni mbwa wetu."

Salvina aligeukia ukutani.

"Namwona kila siku nikiwa zizini," Mbuke aliendelea, Kiswahili chake kikijikwaa kwa haraka. "Anatupa chakula. Nilidhani ni majivuno, kwamba kwao kimezidi. Nikamweleza mama, mama akasema mtoto hatupi chakula bure, nenda kamwulize. Mimi sikuenda. Niliona haya. Maana na mimi nilimcheka."

Nesi Melania hakumkemea yeyote. Alivuta kiti karibu na kitanda. "Salvina, huo ukuta haukusikii. Niambie mimi."

Maneno yalitoka moja moja, kisha yakatoka yote: vifungo vya sare, robota, miguu ya bibi, maneno ya daktari, kidole alichobonyezea kifundo. "Nilitaka kupunguza mzigo," alimaliza akilia. "Moyo wangu usije ukalemewa na mimi. Mama akija kuniuguza, bibi atabaki na nani? Na asipokuja, mimi nina nani?"

Mbuke alisogea kutoka mlangoni akaketi ukingoni mwa kitanda, kwenye miguu.

"Kunja ngumi," Nesi Melania alimwambia Salvina. "Na wewe Mbuke, kunja yako. Ziwekeni pamoja. Mnaona? Hazipishani sana. Moyo wa mtu hukaribia ukubwa wa ngumi yake. Ni nyama ngumu iliyo wazi ndani. Ikijibana, inasukuma damu. Ikilegea, inajaa tena. Damu hiyo ndiyo inayobeba chakula na hewa safi kwenda mpaka kidole cha mwisho cha mguu, halafu inarudi. Sasa, Mbuke, nyumbani nani huchota maji?"

"Mimi, mama."

"Ukichota kwa ajili ya nyumba yenu peke yake, unachoka?"

"Kidogo."

"Na ukichotea nyumba mbili kila siku, na njia ni ileile, na miguu ni ileile?"

"Nitachoka sana."

"Moyo ndiye mchota maji wetu. Mwili ukizidi uzito, pana mahali pengi zaidi pa kupelekea damu, na moyo hauna budi kusukuma kwa nguvu zaidi. Ndiyo maana Salvina akikimbia moyo wake unagonga kuliko wako. Mtu akikaa hivyo miaka na miaka, akaongeza uzee, chumvi nyingi na damu yenye msukumo mkubwa, moyo huchoka. Damu hairudi vizuri. Maji hubaki miguuni, miguu ikavimba. Mengine hukaa kwenye mapafu, pumzi ikawa shida. Hayo ndiyo yaliyompata bibi yako, Salvina. Hayakumpata kwa msimu mmoja, wala wewe huna ugonjwa huo. Nimebonyeza miguu yako nilipokulaza hapa. Ni mizima."

Salvina alijifuta macho. "Basi mbona nimeanguka, na sili?"

"Umeanguka kwa sababu huli. Moyo nao ni nyama, unalishwa na damu hiyohiyo unayoisukuma. Wewe ulitaka kumpunguzia mchota maji kazi, ukamnyima chakula na maji ya kunywa, kisha ukamtuma kisimani juani. Damu yako imekosa nguvu, haikupanda vizuri kichwani, ukaona giza. Hivyo ndivyo ilivyokuwa."

Alivua shingoni kile kipimo cha mipira cha kusikilizia kifua, akaweka ncha zake katika masikio ya Salvina, na kile kisahani cha baridi akakiweka chini ya titi la kushoto.

Kwanza Salvina hakusikia kitu ila upepo. Halafu akausikia. Du-dum. Du-dum. Ulikuwa karibu sana, kama mtu anayetwanga katika chumba cha ndani.

"Huu ni wangu?" alinong'ona.

"Wako."

"Na usiku unapiga?"

"Usiku na mchana. Hata ukilala, wenyewe haulali."

Salvina alifumba macho akasikiliza. Alifikiria jioni zote alizokaa jikoni peke yake, kikombe cha pili kikipoa mezani. Huyu mchota maji alikuwapo muda wote, akifanya kazi gizani bila kushukuriwa, naye Salvina alikuwa akimtupia mbwa chakula chake. Machozi yalimtoka tena, lakini safari hii hakugeukia ukutani. Alivua ncha moja ya kipimo akampa Mbuke, wakasikiliza wote wawili, vichwa vimegusana.

Bwana Telesphori alifika jioni, mwenyewe mweupe kwa nyuzi za pamba kuanzia nywele hadi viatu. Nesi Melania alimweleza yote nje, chini ya paa la veranda. Kisha baba akaingia. Alimshika mwanawe mkono, akaugeuza kiganja juu kama anayetafuta kitu kilichopotea humo.

"Kutwa napima mizigo ya watu," alisema, "na mzigo wa mtoto wangu sikuupima. Nilijaza debe la unga, nikadhani nimejaza nyumba. Nisamehe, mwanangu."

"Nilikudanganya, baba. Nisamehe na wewe."

Nesi Melania aliwapa maagizo yake kabla hawajaondoka. Salvina ale mara tatu kwa siku, asiruke hata mara moja: ugali wa kiasi, maharage au samaki, mboga za majani kwa wingi, maziwa kikombe kimoja. Samli na karanga za kukaanga zisiwe za kila saa. Atembee kila siku, na kwenye mchakamchaka aende kwa mwendo wake mpaka moyo uzoee. "Mtoto bado anakua," alimwambia baba. "Hatumkondeshi kwa njaa. Tunamwacha arefuke, huku anakula vizuri na kutembea. Na jambo jingine, baba Salvina. Asile peke yake. Mtoto akila peke yake hajui alipofika."

Kazi ya ghalani haikuweza kusimama msimu ukiwa katikati, na baba hakumwahidi mwanawe jambo asiloliweza. Alichofanya ni kuvuka boma siku iliyofuata, kuzungumza na wazazi wa Mbuke. Tangu hapo Salvina alikula kwao asubuhi na jioni.

"Karibu, ng'wanone," mama Mbuke alimwambia siku ya kwanza, yaani karibu, mwanangu, akamsogezea bakuli la mlenda. Walikula michembe ya viazi vitamu vilivyokaushwa na mtindi asubuhi, ugali wa mtama na mlenda jioni, mikono mingi ikiingia sahani moja, na hakuna aliyetazama nani amekula kiasi gani. Baada ya kula, Mbuke na Salvina walichukua ndoo zao na kwenda kisimani, mwendo mrefu wa kupita mashamba yaliyokwisha kuchumwa. Mwanzoni Salvina alipumzika njiani mara kwa mara. Mbuke alimngoja, akamfundisha Kisukuma cha kila walichokiona, akicheka alipokosea, naye Salvina akicheka pia, maana sasa alijua wanacheka nini.

Shuleni, Mwalimu Apolinari aliwakusanya wanafunzi, akazungumza nao juu ya majina wanayopeana. Kalisti aliomba radhi kwa sauti ndogo, macho chini. Si wote waliobadilika siku hiyo. Bado zilikuwapo asubuhi ambazo Salvina alikimbia nyuma ya wote, na jioni ambazo aliporudi kutoka kwa akina Mbuke nyumba ilimpokea kwa giza na kimya. Siku kama hizo aliweka kiganja kifuani, akasubiri mpaka ausikie moyo ukitwanga, kisha akalala.

Mvua za kwanza zilipogusa ardhi, mama alishuka kwenye lori akiwa amejifunga kaniki nyeusi. Salvina alimwona tangu mbali, akaelewa kabla hajaambiwa. Bibi Epifania alikuwa amezikwa Ushirombo, karibu na kanisa.

Walilia pamoja. Kesho yake, majirani walipokwisha kutoa rambirambi na kuondoka, mama aliketi jikoni akimtazama mwanawe akipepeta mtama. Baba alikuwa amemweleza kila kitu.

"Salvina, nikuambie jambo la bibi yako," alisema. "Pumzi ilianza kumkatika miaka mingi nyuma. Akipanda kile kilima cha kanisani alisimama njiani akijifanya anaokota kuni. Miguu ikivimba, aliificha kwa kanga ndefu. Tukimwuliza, alisema ni uzee tu. Hakutaka kumsumbua mtu. Daktari aliniambia angepewa dawa mapema, angepunguza uzito na chumvi taratibu, moyo wake ungepata nafuu. Lakini alipolisema, lilikuwa limekwisha kuwa kubwa. Uzito ulimchosha moyo, mwanangu, na kimya kikamzuia kupata msaada. Usiurithi ukimya ule. Kula kwa kiasi, tembea, tunza moyo wako, na jambo likikulemea, liwe la mwilini au la moyoni, liseme likiwa bado dogo."

Salvina aliweka ungo chini. Mvua ilikuwa ikigonga bati juu yao. Alikuwa na neno alilolibeba tangu siku mama alipofunga mzigo wake, na hakuwahi kulitoa kwa baba, wala kwa Mbuke, wala kwa Nesi Melania.

"Mama," alisema, "nilikuwa mpweke sana ulipoondoka."

Mama hakumwambia anyamaze. Alisogeza kigoda chake mpaka magoti yao yakagusana.

"Endelea," alisema. "Nakusikia."